Mavazi na hali ya melini kwenye kruzi: maswali yanayoulizwa kila siku

Maswali haya ni yale yale yanayorudi kila mtu wa kwetu anapobuki kruzi, yaani safari ya likizo melini, kwa mara ya kwanza, na mengi yanatoka kwa wanaopandia Southampton, Miami, Dubai au Durban. Nimeyapanga kuanzia ya msingi mpaka yale ya pembeni, na penye jibu lililoshatolewa nimekuelekeza huko badala ya kurudia. Kinachoniuma ni kuona mtu kalipia safari kwa jasho lake, halafu usiku wa gala, ule wa kuvaa rasmi, anajifungia kabini anakula sandwichi kwa sababu eti hana suti.

## Mambo ya msingi

Kruzi ina sheria ya mavazi kweli au ni maneno ya watu?

Ipo, ila inahusu saa na ukumbi, haihusu safari nzima. Kuanzia asubuhi mpaka jioni unavaa kama ulivyozoea ukiwa likizo sehemu ya joto, kaptula, tisheti, dera, ndala, hamna wa kukuuliza. Kwenye saa 12 jioni ndo mambo yanabadilika, na hata hapo si meli yote, ni mgahawa mkuu, ukumbi wa muziki na dansi, na baa fulani fulani. Bufee karibu kila meli inaachwa huru.

Kwa hiyo ukifungua maelezo ya kampuni angalia vitu viwili tu, saa ngapi na sehemu gani. Kila siku ratiba inatoka, ya karatasi mlangoni au kwenye programu ya simu, na mavazi ya jioni yanaandikwa humo humo karibu na saa za chakula.

Lazima niwe na suti au taksido?

Kwa kampuni nyingi hapana. Norwegian Cruise Line walishaachana na habari hiyo tangu mwaka 2000 walipoanzisha mtindo wao wa kila mtu ale anapotaka na muda anaotaka, usiku wa kupendeza upo lakini ni hiari. Royal Caribbean na Carnival wana usiku wa kuvaa vizuri na suti ni ya anayetaka, shati la kola na suruali ndefu vinatosha. Kwa Cunard, kampuni ya Uingereza yenye Queen Mary 2, hali ni tofauti, soma swali la meli hiyo hapo chini kabla hujafunga begi.

Wakisema "nadhifu bila tai" wanataka nini hasa?

Mwanaume avae suruali ndefu, shati la kola, viatu vya kufunika. Mwanamke ana uwanja mpana zaidi, gauni, sketi na blauzi, suruali nzuri na blauzi ya kitambaa kizuri, yote sawa. Jinzi nyeusi au ya bluu iliyoiva isiyo na matobo inapita kwenye meli nyingi siku hizi. Kinachorudishwa mlangoni ni nguo ya kuogelea, singlendi kwa wanaume, kepu kichwani, pensi za kuchezea mpira na miguu mitupu. Ukikwepa hivyo vitano huna kesi na mtu.

Nikikosea nitafukuzwa mezani mbele za watu?

Hapana, na hofu hii ndo inawanyima watu raha kuliko sheria yenyewe. Aliyesimama mlangoni kwenye mgahawa anakwambia kwa sauti ya chini kwamba leo kuna mavazi maalumu, unarudi kabini kubadilisha au unaelekezwa sehemu nyingine ya kula ambayo umeshailipia tayari kwenye tiketi. Ukishakaa mezani hamna anayekuja kukunyanyua. Wanaokomaa na sheria ni wachache, na hao wanasema mapema kabisa wakati wa kubuki.

Usiku wa gala unaangukia siku gani na unakuwa mara ngapi?

Safari ya siku saba kwa kawaida inakuwa na usiku mmoja au mbili. Karibu mara zote wanauweka siku ambayo meli iko baharini mchana kutwa, maana siku ya bandari watu wanarudi wamechoka, wana mchanga miguuni, hamna mwenye nguvu ya kufunga tai. Usiku wa kwanza na wa mwisho hauwi gala. Hiyo ni desturi iliyotoka kwenye meli kubwa za zamani zilizokuwa zinavuka Atlantiki, usiku wa kwanza masanduku yalikuwa hayajafunguliwa na wa mwisho yalishafungwa, na sababu bado ni ile ile maana hata leo begi lako linaweza kufika kabini saa 2 usiku.

## Kampuni na kampuni

Meli zipi wanavaa sana na zipi hawajali?

Kule juu kabisa kwa kuvaa yupo Cunard. Wanafuata P&O Cruises ya Uingereza ambao bado wana usiku wa mavazi ya sherehe, halafu Princess na Holland America ambao wanapenda watu wapendeze lakini hawakabi koo. Celebrity walibadilisha usiku wao rasmi mwaka 2015 ukawa wa kupendeza kwa mtindo wako mwenyewe. Oceania na Viking hawana usiku rasmi kabisa, ingawa abiria wao wengi ni watu wazima wanaopenda unadhifu, kwa hiyo utawakuta na blauzi za hariri na makoti mepesi bila kuambiwa. Norwegian, Carnival na Royal Caribbean ni za familia na marafiki, mavazi mchanganyiko, mmoja kang'ara kama bwana harusi na jirani yake ana shati la maua.

MSC na Costa zina asili ya Italia na hilo unaliona jioni, watu wanavaa vizuri bila kulazimishwa. AIDA ni ya Wajerumani, wao ni watu wa starehe za kawaida, hawana habari na tai. Wanaopandia Durban wengi wanaenda na MSC, safari fupi za kuteremka Msumbiji sehemu kama Pomene, na hizo ni za joto na sherehe, nguo nyeupe moja ya usiku na nguo za ufukweni ndo mzigo wako.

Nimebuki Queen Mary 2, wakoje hao?

Hii ni meli ya Cunard iliyoanza safari mwaka 2004, inabeba abiria kama 2,700, na safari yake maarufu ni Southampton kwenda New York usiku saba bila kusimama popote njiani. Siku zote hizo baharini, ndo maana mavazi yana nafasi kubwa, watu hawana bandari ya kuzungumzia mezani. Kwenye usiku saba tegemea gala mbili, na mara nyingi zina mada, kama nyeusi na nyeupe, au vinyago.

Usiku wa gala kuanzia saa 12 jioni mwanaume anatakiwa avae taksido au suti ya rangi nzito na tai, ya kipepeo au ya kawaida, na mwanamke gauni la jioni au suti nzuri ya suruali. Mavazi rasmi ya taifa lako yameandikwa kabisa kwamba yanakubalika, angalia swali la kanzu. Jioni za kawaida hawana ukali huo, koti ni hiari. Na usipotaka kuvaa, usiku wa gala unaruhusiwa kukaa bufee ya Kings Court, baa ya Golden Lion na ukumbi wa Carinthia Lounge ukiwa na nguo zako za kawaida. Ila utakosa ukumbi wa Queens Room, na kwa maoni yangu hapo ndo roho ya meli ile ilipo, bendi inapiga, wazee wa miaka 80 wanacheza waltz hawakanyagani, vijana wamesimama pembeni wanatamani wangejua. Nenda hata kama huchezi.

Kuna usiku wa rangi moja, lazima ninunue nguo mpya?

MSC wana usiku wa weupe. Virgin Voyages wana usiku wa wekundu kwenye safari zao, na hao hawachukui mtu chini ya miaka 18. Yote ni hiari, lakini ukiingia umevaa bluu katikati ya bahari ya wekundu utajiona uko peke yako, basi beba kitu kimoja, mtandio, tai, kanga ya kujifunga, inatosha. Tena weupe kwetu si tatizo, nani hana kanzu au gauni jeupe nyumbani.

## Mavazi yetu

Kanzu inakubalika usiku wa gala?

Inakubalika, na inapendeza kuliko taksido ya kukodi isiyokutosha mabegani. Kampuni zenye sheria kali ndo hizo hizo zinazotaja mavazi rasmi ya taifa kwenye maelezo yao. Muhimu iwe rasmi kweli, yaani kanzu safi iliyonyooshwa, koti juu yake, kofia na viatu vya ngozi, au kanzu na joho kama unavyoenda harusini. Kanzu ya kulalia na ndala hapana. Mganda na kanzu yake na koti yuko sawa vilevile.

Niliwahi kukaa meza moja na mzee wa Lamu anayeishi London, kavaa kanzu nyeupe, koti jeusi, kofia ya vito, na kabla supu haijaondolewa watu wa meza mbili za jirani walishakuja kuuliza ile kofia imeshonwa wapi na inachukua muda gani. Akaivua, akawaonyesha matundu madogo yalivyozungushiwa uzi kimoja kimoja kwa mkono. Wapiga picha wa meli walimfuata yeye usiku ule.

Na wanawake, kitenge, dera, abaya, gomesi?

Kitenge kilichoshonwa na fundi anayejua kazi yake ni vazi la gala bila mjadala, mshono mrefu, kitambaa kizito, kilemba ukipenda. Hivyo hivyo gomesi ya Uganda, mushanana ya Rwanda, na kikwembe cha vipande vitatu kwa ndugu zetu wa Kongo. Abaya ya shughuli yenye nakshi inakaa sawa na gauni lolote la jioni.

Dera hapana. Najua nitapingwa, kuna madera ya bei na yanaitwa ya mtoko, lakini dera ni la mchana, la bwawani, la kukaa balkoni unakunywa chai. Ukumbini usiku wa gala linaonekana kama umetoka kuoga.

Nikivaa hijabu watanitazama?

Siku ya kwanza labda mmoja mmoja, kama popote ughaibuni. Meli kubwa zina abiria wa mataifa mengi na wafanyakazi wengi ni Waindonesia, Wahindi na Wafilipino, kwa hiyo mtandio kichwani si kitu kigeni kwa anayekuhudumia. Kwenye picha ya kadi ya kuingilia unabaki na hijabu yako uso ukionekana.

Kuhusu kuogelea na mavazi ya kufunika, kinachoangaliwa ni kitambaa. Kiwe cha kuogelea, si pamba wala jinzi, kwa sababu pamba inaachia nyuzi na kubeba maji mengi. Waandikie kabla ya safari upate jibu kwa maandishi, ulihifadhi kwenye simu, ili mlinzi wa bwawa akiuliza usianze kubishana.

## Mchana na bandarini

Bwawani kukoje?

Siku ya baharini bwawa linajaa mapema mno. Kuna tabia ya watu kuamka alfajiri kutandika taulo na kitabu kwenye kiti halafu wanaenda kunywa chai mpaka saa 5, na kampuni nyingi siku hizi zinawaondolea vitu vyao kiti kikikaa bila mtu kwa nusu saa au dakika 40. Usifanye hivyo, inaharibu siku ya wengine. Panda deki za nyuma au ubavuni, kivuli kipo na kelele hamna.

Ukitoka bwawani kwenda bufee jifunike na vaa ndala. Kikoi kinafaa sana hapa, kinakauka haraka na hakijazi begi.

Nikishuka bandarini navaa nini?

Fuata mji unaoshukia, usifuate meli. Ukishukia Civitavecchia kwenda Roma na unataka kuingia Basilika la Mtakatifu Petro, mabega na magoti yafunikwe, mwanamke na mwanaume, wasiofunika wanarudishwa pale pale baada ya foleni ndefu juani. Huko Muscat, Oman, meli zinafunga gati Mutrah, na Msikiti Mkuu wa Sultan Qaboos unapokea wageni wasio Waislamu saa 2 mpaka saa 5 asubuhi isipokuwa Ijumaa, mwanamke afunike nywele, mikono mpaka viganja na miguu mpaka vifundo. Pale Mutrah usishangae ukijibiwa Kiswahili dukani, Waomani wenye asili ya Zanzibar wapo wengi.

Meli za kitalii zinafika Mombasa na Zanzibar pia, na sisi wenyeji tunajua inavyokuwa wageni wanaposhuka na nguo za ufukweni wakapita Darajani au vichochoro vya Mji Mkongwe wakati watu wanatoka msikitini. Wageni wanaombwa wafunike mabega mpaka magoti, na ukiwa na marafiki wazungu melini waambie kabla hawajashuka, wengi hawana nia mbaya, hawakuambiwa tu.

Kingine kwa wanaokwenda Karibiani, nguo za rangi za kijeshi, zile za mabaka, ni marufuku kisheria Barbados, Jamaica, Trinidad na visiwa vingine kadhaa, hata begi, hata kaptula ya mtoto. Ziache nyumbani.

Alaska na Norway nibebe koti la aina gani?

Nguo za tabaka, si koti moja zito. Msimu wa Alaska ni Mei mpaka Septemba na mchana unaweza kukuta nyuzi 15 hivi, lakini meli ikisogea karibu na barafu upepo unakata masikio. Fulana ya ndani, sweta, juu koti la mvua lisilopitisha maji, kofia, glavu. Jioni unavua mawili unabaki nadhifu.

## Hali ya melini

Ni disko na ulevi tu humo?

Inategemea urefu wa safari na wapi inaanzia kuliko jina la kampuni. Safari ya siku tatu au nne kutoka Miami wikiendi ni sherehe, watu wamekuja kuondoa msongo wa kazi na wanaanza kabla kamba hazijafunguliwa. Meli ile ile ikienda siku kumi na nne, abiria wanakuwa wakubwa kiumri, saa 5 usiku korido kimya. Likizo za shule zinaleta watoto, Januari na Septemba wanapungua.

Ukubwa nao una lake. Icon of the Seas iliyoanza Januari 2024 ina deki 20 na ikijaa inabeba watu zaidi ya 7,000, humo unaweza kuamua kuishi sehemu ya kelele au ya utulivu na msikutane. Meli ya watu 600 haina kona ya kujificha, kwa siku tatu kila mtu anakujua kwa jina.

Sinywi pombe, nitaboreka?

Hapana. Kuna vifurushi vya vinywaji visivyo na kilevi, na baa wanakutengenezea juisi za kuchanganya vizuri tu. Sehemu zisizozunguka pombe ni nyingi, michezo ya jukwaani, sinema ya nje usiku, maktaba, darasa la kupika, chemsha bongo, jimu. Kasino ni ukumbi unaoweza kuupita, ingawa meli nyingine zimeiweka katikati ya njia makusudi. Ukipata chumba cha kuchagua, kisiwe juu au chini ya ukumbi wa dansi, angalia ramani ya deki kabla ya kulipa.

Umri wa kunywa ni miaka 21 kwa meli zinazotoka Marekani na mara nyingi 18 zinazotoka Ulaya, kwa hiyo kijana wako wa miaka 19 usimwekee kifurushi bila kuuliza.

Chakula halali na swala vinawezekanaje?

Halali iombwe mapema, wiki kadhaa kabla, na uombe tena siku ya kwanza kwa msimamizi wa mgahawa mkuu ana kwa ana. Meli za Ghuba zina unafuu kidogo. Usipopata nyama halali, samaki na mboga zipo kila mlo na wanazipika vizuri.

Swala watu wengi wanaswali kabini. Kibla ndo kinasumbua, kwa sababu meli inageuka na dira ya simu inadanganya ndani ya chuma kingi hivyo. Washa televisheni ya kabini, kuna chaneli ya ramani inayoonyesha meli ilipo na inaelekea wapi kwa nyuzi, ukijua kichwa cha meli kiko upande gani wa kitanda chako umemaliza. Kwa Wakristo ibada ya Jumapili ipo kwenye meli nyingi, na Cunard wana desturi ya nahodha mwenyewe kuiongoza.

Nasafiri peke yangu, nitakaa na nani mezani?

Ukipenda watu, chagua saa maalumu ya chakula na meza ya kuchangia, watakuweka na wenzako hao hao kila usiku na siku ya tatu mmeshakuwa jamaa. Ukipenda uhuru, chagua chakula cha muda wowote. Mpweke anayechagua ya pili halafu analalamika hakuongea na mtu, alipaswa kuchagua ya kwanza.

Lugha je?

Meli za Marekani na Uingereza ni Kiingereza. MSC na Costa matangazo yanasomwa kwa lugha kadhaa mfululizo, kwa hiyo unasikia tangazo moja kwa dakika nzima. AIDA ni Kijerumani tupu.

## Mizigo na matunzo ya nguo

Nibebe nguo ngapi kwa siku saba?

Mavazi mawili ya jioni ya kawaida unayoweza kubadilisha juu na chini, moja la gala, nguo za kuogelea mbili ili moja ikauke, na za mchana nne au tano. Viatu jozi tatu. Meli haina shida na uzito, lakini ndege inayokupeleka bandarini inayo, na kabati la kabini ni dogo na henga hazitoshi. Weka mtandio mzito au shuka la Kimasai, viyoyozi vya ukumbi wa maonyesho vina baridi ya kukausha mbavu.

Naweza kubeba pasi?

Hapana, pasi na mashine za mvuke zinachukuliwa getini kwa hofu ya moto. Baadhi ya meli kama za Cunard na P&O zina chumba cha kufulia chenye pasi, Royal Caribbean hawana, unalipia dobi wa meli. Kanzu na kitenge vizungushe badala ya kukunja, ukifika tundika bafuni, fungulia maji ya moto ya kuoga mlango ukiwa umefungwa, baada ya robo saa mikunjo mingi imeshashuka, malizia kwa kuvuta pindo kwa mkono.

Begi la mkononi siku ya kupanda liwe na nini?

Makubwa unayakabidhi bandarini na yanaletwa mlangoni jioni. Kwa hiyo mkononi shika pasipoti, dawa, chaja, nguo ya kuogelea na shati moja safi la chakula cha usiku.

Na usiku wa mwisho?

Mabegi yanawekwa nje ya mlango yakiwa na lebo kati ya saa 4 na saa 6 usiku, asubuhi unayakuta ukumbini bandarini. Kabla hujalisukuma nje, toa nguo za kesho mpaka viatu, zitandike kitandani uzione kwa macho. Kila safari kuna mtu anashuka Southampton kwenye baridi na pajama na slipa za kabini kwa sababu suruali zote zilishaondoka.

## Mambo ya pembeni

Begi limepotelea kwenye ndege na gala ni kesho. Nifanyeje?

Nenda mapokezi ukawaambie usiku huo huo, usingoje. Meli nyingi zinakufulia ulichonacho bure au kwa haraka, duka lina mashati na tai, na meli nyingine zina makoti ya kuazima. Mlangoni wakishajua habari yako wanakupitisha.

Viatu vya kuchuchumia vinafaa meli ikiyumba?

Kama nilivyosema gala inaangukia siku ya baharini, na hapo ndo meli inatembea kwa kasi. Kisigino kinene kifupi ndo usalama wako, cha msumari acha. Ukitapika kirahisi kunywa dawa mapema kabla ya kuanza kuvaa, na uombe meza ya katikati ya meli deki za chini, mtikisiko ni mdogo huko.

Kengele ya hatari ikilia nikiwa na gauni la gala?

Hili linaulizwa kama mchezo lakini lichukulie kwa uzito wake. Costa Concordia ilipogonga mwamba kisiwani Giglio tarehe 13 Januari 2012 watu walikuwa mezani wanakula usiku, walikufa 32, na waliopanda Civitavecchia jioni ile walikuwa hawajafanya zoezi la dharura. Baada ya hapo kanuni zikabadilishwa, zoezi linafanyika kabla meli haijaondoka au mara inapoondoka. Lifanye kwa makini, ujue kituo chako cha kukusanyikia kiko wapi kwa miguu yako mwenyewe.

Ishara ni milio saba mifupi na mmoja mrefu. Kama uko kabini, vaa viatu bapa, chukua kitu cha joto, dawa zako na jaketi la kuokolea, ingawa meli nyingine mpya zinaweka majaketi hayo kituoni. Kama uko ukumbini usirudi chumbani, nenda kituoni moja kwa moja. Ndo maana nashauri raba ziwe karibu na mlango wa kabini kila usiku.

Mume wangu hataki kabisa kuvaa, mimi nataka.

Gawaneni usiku. Wa gala wa kwanza avae kwa ajili yako, hata kanzu na koti kama tai ndo inamkera, wa pili mle bufee au mgahawa wa pembeni kwa nguo zake. Kama hata huo mmoja hakubali, badilisheni kampuni kabla ya kulipa, rudi juu kwenye swali la meli zipi hawajali.

Tunaenda ukoo mzima kusherehekea miaka 70 ya mama, tunaweza kuvaa sare?

Vaeni, tena usiku wa gala ndo mahali pake. Kikundi cha watu kumi na tano wa kitenge kimoja wakishuka ngazi za ukumbi mkuu, meli nzima inageuka, na wapiga picha wanawatafuta bila kuitwa. Mshono wa kila mtu uwe wake, kitambaa ndo kimoja, na waume kanzu zenye kofia za kitambaa hicho hicho.

Iandikie kampuni mapema muunganishwe kwenye namba za kubuki zilizofungamana na saa moja ya chakula, la sivyo mtatawanywa kwenye meza na saa tofauti na sare yenu haitaonekana. Waambie pia tarehe ya sherehe ili keki iandaliwe. Picha za wapiga picha wa meli zinalipiwa moja moja na ni ghali, kwa hiyo pigeni zenu kwenye ngazi kama saa 11 na nusu jioni kabla foleni haijaanza, na mama akae katikati.